Babu Aliyeogopa Mapema

Hotuba ya mjukuu katika siku ya kumaliza msiba, Makambako

Bibi yangu, shikamoo. Wazee wetu wote, shikamooni. Mchungaji, baba zangu wakubwa na wadogo, mashangazi, wajomba, majirani, na ninyi watani mliotuchekesha hata pale tulipokuwa tumekataa kucheka, poleni na asanteni. Wapo pia wageni wetu waliotoka Mpika, Zambia, wakavuka mpaka wa Tunduma usiku kwa ajili ya shughuli hii. Mulishani mukwai. Karibuni sana.

Siku ya mazishi wasifu wa marehemu ulisomwa mbio mbio kwa sababu wingu lilikuwa limeshatanda. Mnaukumbuka. Alizaliwa mwaka 1944. Alisoma hadi darasa la nne. Alifanya kazi ya udereva. Alistaafu mwaka 1999. Ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Hakuna uongo hata mmoja humo, na aliyeuandika ni baba yangu mdogo, sina ugomvi naye. Ila "alifanya kazi ya udereva" ni maneno manne, na Babu aliyaishi kwa miaka 34. Leo nimeomba nafasi niyafumue.

Usiku wa mkesha nilisikia watu wengi wakisema jambo moja: mzee yule alikuwa haogopi kitu. Nikamfuata Bibi jikoni nikamwambia, umesikia wanavyomsifu mume wetu? (Wageni msishangae. Babu aliniposa siku niliyozaliwa, kwa hiyo mimi na Bibi ni wake wenza, na mimi ndiye mdogo.) Bibi akaendelea kupepeta mchele wake, kisha akasema: "Wanamsema nani? Mume wangu alikuwa mwoga kuliko wote hao. Ila aliogopa mapema."

Tangu usiku ule kila kisa cha Babu ninachokikumbuka nakipima kwa maneno hayo, na Bibi hajakosea. Wengi wetu huogopa jambo likishatufika: mikono inatetemeka, akili imeruka, mdomo unaita mama. Babu alikuwa akiogopa jana yake. Akishaogopa anazunguka, anakagua, anauliza, anafunga kamba mara ya pili. Siku yenyewe ikifika, hofu imeshamaliza kazi yake, naye ametulia kama mtu anayesubiri chai. Watu wakaona ule utulivu, wakadhani ni ujasiri wa kuzaliwa nao.

Alianza kama utingo. Mwaka 1965 alikuwa na miaka 21, amechoka kubandua magome ya miti ya miwati huko Njombe kwa ujira wa kununulia chumvi. Tarehe 11 Novemba mwaka ule, Ian Smith na wenzake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, uhuru wa Wazungu wachache juu ya Waafrika wengi. Ninyi mliosoma mlilikuta hilo katika somo la historia. Babu lilimfikia kwa njia ya mapipa. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia Rhodesia, na kabla ya mwaka kwisha njia ile ikafungwa. Nchi yenye migodi mikubwa ya shaba ikabaki kuletewa petroli kwa ndege na kwa malori. Na malori yalipita hapa hapa, mbele ya soko letu, kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuendelea ng'ambo.

Wakati ule sehemu kubwa ya barabara haikuwa na lami. Kiangazi ni vumbi la kumfanya dereva aliye nyuma asione pua ya gari lake mwenyewe. Masika ni tope la kumeza ekseli. Madereva wa Kizungu waliiita barabara ya jehanamu. Babu alisema jina hilo limetiwa chumvi, kwa sababu jehanamu angalau haina utelezi.

Vijana mliozaliwa na lami huenda hamjui utingo alifanya nini. Alifunga mzigo, akabadilisha tairi, akalala juu ya turubai usiku mapipa yasiibiwe. Gari likipanda mlima, yeye anashuka na kukimbia kando yake akiwa na gogo mkononi, ili likianza kurudi nyuma alisukumie gogo chini ya tairi. Sasa fikirieni gari hilo limebeba petroli, na gogo hilo limeshikwa na kijana wa darasa la nne mwenye kandambili.

Kisa cha Mlima Kitonga wengi mmekisikia, lakini kila mtu ana chake. Mimi nasimulia kama alivyonisimulia akiwa hajanywa ulanzi. Walikuwa wanarudi Dar es Salaam na shaba. Shaba ni mzigo wa hila: ukiitazama juu ya gari unaona haijajaa hata nusu, kumbe ekseli zinalia. Walifika juu ya Kitonga jioni, dereva akaamua walale, washuke alfajiri. Wenzake wakakaa kula. Babu akatelemka kwa miguu, peke yake, kona baada ya kona, mpaka giza likamfukuza. Aliporudi walimcheka sana. Wakamuuliza kama amekwenda kuhesabu mawe. Yeye alikuwa amekwenda kuogopa.

Asubuhi, katikati ya mteremko, breki zikachemka na kukataa. Pedali ikazama mpaka chini na haikurudi. Dereva, mtu mzima aliyepita njia ile kwa miaka, akaanza kusali kwa sauti. Babu akamwambia: "Kona inayofuata acha. Ile ya pili, upande wa mlima, kuna kifusi." Mafundi barabara walikuwa wamemwaga udongo pale na kuuacha, naye alikuwa ameupanda jana yake kuona kama ni laini au ni mwamba uliofunikwa. Dereva akaacha kusali, akashika usukani, akaingiza gari kwenye kifusi. Tairi za mbele zikazama, shaba ikasogea mbele na kuvunja ukuta wa kabini, na Babu akavunjika mfupa wa bega. Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana bega lake la kushoto lilikuwa chini ya lile la kulia, na ndiyo maana kila fundi cherehani wa hapa Makambako alilalamika kwamba koti la mzee halikai.

Dereva yule ndiye aliyemfundisha gari. Alimwambia, hakuna namna nyingine ya kukulipa. Babu akapata leseni, akapewa lori lake. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mafuta yakahamia humo. Mizigo mingine ilibaki barabarani, naye akabaki nayo.

Hapa Bibi atanisamehe, maana nitaisema. Pale Chimala palikuwa na binti akiuza wali na maharage kando ya barabara, mchele wa Usangu wenye harufu yake. Rejeta ya gari la Babu ilikuwa na kiu ya ajabu, na kiu hiyo ilizidi kila ilipofika Chimala. Babu anashuka na ndoo kuomba maji, na maji yanachukua saa mbili. Baba wa binti hakuwa mjinga. Akauliza: wewe dereva, Mpika una mke? Iringa una mke? Babu akamleta utingo wake awe shahidi, na utingo, kwa kuwa alikuwa amelishwa vizuri njia nzima, akaapa mpaka akapitiliza. Mahari ilipokelewa. Utingo huyo alikuwa mezani siku ya harusi na alikula kuliko bwana harusi.

Nikiulizwa ni wapi Babu alifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya, nitasema ni mwaka 1970. Alikuwa dereva, kazi ya heshima, watoto wanakimbilia gari lake. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, ambaye ni huyu baba mkubwa aliyekaa hapa na mvi zake. Oktoba mwaka ule ujenzi wa reli ya kwenda Zambia ulizinduliwa, na Babu akaacha usukani akaenda kuandikishwa kuwa kibarua wa kuchimba. Baba yake hakumsemesha kwa miezi. Yeye mwenyewe aliwahi kunieleza sababu, na sababu yake ilikuwa fupi: barabara alikuwa ameshaijua yote.

Alipelekwa kipande cha Mlimba hadi Makambako. Reli nzima ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, lakini hapa ndipo ilipokula watu na muda, kwa sababu inatoka bonde la Kilombero inaupanda ukuta wa milima mpaka huku kwetu kwenye baridi. Mahandaki mengi ya reli yote yako katika kipande hiki. Daraja la mto Mpanga peke yake limesimama juu ya nguzo zenye kimo cha karibu mita 50. Ukilipita kwa treni unaona vilele vya miti chini yako, na unaelewa kwa nini waliojenga walikuwa hawapendi kusimulia.

Babu aliwekwa kwenye handaki. Walitoboa mwamba, wakajaza baruti kwenye matundu, wakawasha, wakakimbia. Kisha wakasimama nje na kuhesabu milipuko. Hesabu ya milipuko lazima ilingane na hesabu ya matundu, vinginevyo kuna baruti iliyolala humo inasubiri mtu wa kuipiga sururu. Siku moja wenzake wote wakasema imetimia. Babu akasema bado mmoja. Wakabishana, maana milipuko miwili ikifuatana karibu karibu sikio linaweza kudanganyika. Msimamizi wao Mchina hakujua Kiswahili cha kutosha kufuata ugomvi ule, lakini alimwona Babu ameketi chini amekunja miguu, kijana mmoja kati ya genge zima, hatikisiki. Msimamizi naye akaketi kando yake. Genge lote likakaa nje mpaka muda wa kutosha ukapita. Walipoingia kwa taratibu wakaikuta imelala ndani ya tundu lake, haijaguswa na moto.

Kikombe cha bati chenye maua mekundu kilichomo kabatini kwa Bibi, kile ambacho sote tulichapwa kwa kukigusa, alikitoa msimamizi yule. Hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Waliishi kambi moja, wakala mboga walizolima wenyewe Wachina kando ya mahema, na walifundishana kazi kwa kuoneshana, maana maneno yalikuwa machache pande zote mbili. Babu hakuwahi kuniambia jina la rafiki yake huyo. Ninachojua ni kwamba kila alipofika Dar es Salaam, hata akiwa na haraka, alikwenda Gongo la Mboto kwenye makaburi ya Wachina waliokufa wakati wa ujenzi. Wako zaidi ya 60. Nilikwenda naye mara moja. Alipita mstari kwa mstari kofia mkononi, na mimi nikiwa mtoto nilitaka soda. Watanzania na Wazambia waliofia kazi ile hawako pamoja mahali pamoja, walirudishwa kila mmoja kwao, na Babu alisema hao ndio rahisi kuwasahau kwa sababu huwezi kupita mbele yao wote kwa siku moja.

Sasa simba wa Mlimba. Ninajua vijana wamemsubiri. Katika simulizi ya kwanza, ile aliyowaambia watoto wake, waliona nyayo za simba karibu na kambi. Shangazi aliyesimuliwa baadaye alisikia kwamba simba mwenyewe alionekana akipita mbali. Mpaka zamu yangu inafika, simba aliingia hemani, akakaa kitako, akamtazama Babu, na Babu akamwambia kwa Kibena arudi kwao. Vitukuu wamesikia kwamba simba aliomba radhi. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba mtu aliyekuwa mkweli kiasi cha kubishana na genge zima juu ya mlipuko mmoja alikuwa na haki ya kumlea simba wake apendavyo.

Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Babu angeweza kurudi kwenye malori. Badala yake akaomba kujifunza kuendesha treni, akapelekwa chuoni Mpika. Darasani alikutana na vijana waliomaliza kidato cha nne, wanasoma michoro ya breki za upepo kama wanavyosoma gazeti. Yeye aliichora upya usiku kwa mkono wake, kila bomba na kila vali, mpaka akaielewa. Madaftari yale yapo. Michoro yake ina makosa ya herufi kila mahali lakini hakuna bomba lililokosea njia.

Wageni wetu wa Mpika ndio waliofanya naye kazi, wao wanajua kuliko mimi. Wameniambia jana jambo ambalo hata Bibi hakulijua. Kabla ya kuanza kuteremka kutoka hapa Makambako kwenda Mlimba na mzigo, Babu alikuwa akishuka kwenye injini na kutembea urefu wote wa treni, behewa baada ya behewa, anagusa mipira ya breki kwa mkono. Kazi hiyo ilikuwa na watu wake, na walikuwa wameshaifanya. Wengine walichukia, wakaona hawaaminiki. Yeye akawaambia: ninyi mnakagua treni, mimi najikagua mimi. Treni yenye mzigo ikishashika kasi mteremkoni, hakuna kifusi cha kuitupa. Kona za Kitonga alizitembea mara moja. Mabehewa aliyatembea mpaka akastaafu.

Oktoba 1979 nyumba hii ilikaa msiba wa uongo. Vita vya ukombozi vilikuwa vimefika penye moto mkali, na askari wa Rhodesia waliingia Zambia wakalipua madaraja ya mto Chambeshi, la reli na la barabara. Habari ikaja kwa redio. Bibi alijua mumewe yuko upande ule na treni, basi. Simu hakuna, barua haitembei. Majirani wakaanza kuja mmoja mmoja, wanakaa kimya, wanaleta unga. Bibi anasema unga ndio uliomtisha.

Babu alikuwa Mpika, kusini ya daraja, mzima. Reli imekatika, treni haiwezi kurudi. Akafanya nini? Alikwenda barabarani akasimama na mfuko wake, kwenye njia ile ya zamani ya malori, ile inayopita Chinsali na Isoka hadi Nakonde. Madereva wa zamani walikuwa bado wapo. Wa kwanza kumsimamia alikuwa yule utingo aliyekula sana harusini, sasa naye ni dereva. Wakaja naye mpaka Tunduma, akapanda lingine mpaka hapa. Alifika usiku akakuta wanawake wamejaa uani na sufuria za msiba motoni. Akauliza nani amekufa. Hakuna aliyejibu. Akaketi, akapakuliwa, akala chakula cha matanga yake mwenyewe, na aliwahi kuniambia maharage yalikuwa hayajaiva vizuri.

Tunacheka, na ni sawa. Lakini mimi ni mke mdogo na nina deni la kusema upande wa mke mkubwa. Maisha haya yaliyojaa namna hii yalilipiwa na mtu. Watoto saba walizaliwa nyumba hii, na Babu alikuwepo nyumbani siku za kuzaliwa wawili. Baba yangu alimwogopa mpaka alipokuwa na miaka mitano, maana kila akimzoea anaondoka. Shamba lililimwa na nani? Ada zilifuatwa na nani, nyoka aliuawa na nani, paa lilipoezuliwa na upepo nani alipanda juu? Babu alizunguka nusu ya bara kwa sababu kulikuwa na mahali pasipozunguka. Alilijua hilo. Uzeeni hakumwacha Bibi abebe hata ndoo, na Bibi, ambaye amezoea kubeba, alikasirika sana.

Alistaafu tukadhani atatulia. Miaka michache ya kwanza alitulia kweli, akawa mzee wa kanisa, akapatanisha watu mipaka ya mashamba. Kisha vijana wa bodaboda wakaingia mjini, naye akiwa amekaribia miaka 70 akataka kujua pikipiki inaendeshwaje. Wanawe wakafanya kikao cha ukoo kumkataza. Alihudhuria kikao, akasikiliza wote, akashukuru, na kumbe alikuwa ameshajifunza. Alikuwa amelipa kijana mmoja amfundishe uwanja wa shule asubuhi na mapema, akiwa amefunga magoti kwa vipande vya tairi.

Na parachichi. Mnajua jinsi watu wa Njombe walivyolikimbilia parachichi la Hass, na mnajua pia wengi waliosema biashara hiyo si ya wazee, kwani mche wa kuunganishwa unataka kama miaka mitatu kabla ya kuanza kukupa matunda. Babu alipanda akiwa na zaidi ya miaka 70. Nilimwuliza, Babu, utavuna lini? Akanitazama kwa huruma. Akasema yeye hajauliza atavuna lini. Ameuliza maji yatatoka wapi mwezi wa Oktoba. Kabla ya kununua mche hata mmoja alikuwa ameshatembea mpaka kwenye chemchemi ya juu na kupima mteremko kwa chupa ya maji. Alivuna. Aliishi kuvuna mara nyingi, na akawagawia miche nusu ya watu walioketi kwenye turubai hili.

Safari yetu ya mwisho pamoja ilikuwa ya treni, mimi na yeye, abiria wa kawaida, kutoka hapa kwenda Mlimba. Alivaa suti. Nilitegemea atanisimulia njia nzima, nikatayarisha simu kumrekodi. Hakusema karibu chochote. Alisimama dirishani mkono wake umeshika chuma, na kila treni ilipoanza kuteremka kwa nguvu mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu taratibu. Tulipoingia handakini, giza likatushika, nilimsikia anahesabu kwa kunong'ona. Sikumwuliza anahesabu nini. Tulipotoka upande wa pili alinigeukia, akasema dereva huyu ana mkono mzuri, ila anachelewa kidogo kushika breki. Mlimba tulinunua ndizi, tukalala, tukarudi.

Maradhi yalimkuta amejiandaa kuliko sisi. Mbao za jeneza lake zilikuwa darini, ameziandaa mwenyewe, kwa mti aliouchagua mwenyewe, na alikuwa ametuonya tusije tukapigia shelfu. Hospitali alikwenda na mfuko wake umefungwa tayari: shuka, sabuni, Biblia, miwani ya akiba. Daktari alipotuita nje kutueleza, Babu akatuambia tuingie tuelezwe mbele yake. Aliuliza maswali mawili, yote kuhusu maumivu, akajibiwa, akaridhika. Siku zilizobaki alikuwa akituuliza sisi kama tumekula.

Nimemaliza sehemu yangu. Imebaki moja ambayo si yangu. Chini ya mto wake tulikuta daftari, hati yake ile ile yenye makosa ya herufi. Ukurasa wa kwanza ni anaowadai yeye na wanaomdai. Wanaomdai ni wawili, na baba mkubwa ameshawalipa wiki iliyopita. Kurasa zinazofuata ni za waliochukua miche ya parachichi kwa ahadi ya kurudisha miche baada ya mavuno ya kwanza, majina yenu yapo, na tarehe. Baba mkubwa analo daftari hapo mkononi na ataanza kusoma sasa hivi. Watani, ninyi mko ukurasa wa tatu.